Shamba Lisilotaka Mti

Asubuhi ile nilikuwa nachimba viazi vitamu nyuma ya nyumba za wafanyakazi, karibu na Msambweni. Mume wangu Kamau alikuwa ameshakwenda kukata miwa. Mshahara wake haukutufikisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo sufuria niliijaza mwenyewe kwa jembe.

Kabla ya adhuhuri lori la askari lilikuja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Vita vya kudai ardhi kule bara vilikuwa vimetufuata hadi pwani, na wanaume wetu wote wa Kikuyu walipakiwa. Nilimwona Kamau kwa mbali, mikono kichwani.

Hatukuagana.

Kesho yake msimamizi wa shamba la miwa alinitoa nyumbani, mtoto wa miezi saba mgongoni. Aliyenipokea ni Bi Mwanakombo, mjane wa Kidigo niliyekuwa nikimuuzia viazi. Alinipa chumba na kipande cha shamba.

"Panda muhogo, kunde, mchicha, utakacho," aliniambia. "Ila mti usipande, mwanangu. Huku kwetu mwenye mti ana haki na mahali uliposimama."

Nililima kama mwenye wazimu. Baada ya miezi michache tulikuwa hatununui ila chumvi na mafuta ya taa. Kosa langu lilikuwa mpapai. Mimi niliuona ni mboga iliyorefuka tu! Mzee Hamisi, shemeji yake Bi Mwanakombo na mwenye shamba lile, aliukuta umefika kiunoni, akawaka.

"Leo mpapai, kesho mnazi, kesho kutwa shamba lake! Nakwenda kwa chifu sasa hivi."

Chifu angejua, ningerudishwa bara chini ya ulinzi, na huko nyumba zetu zilikuwa zimechomwa. Niling'oa ule mpapai mbele yake, nikapiga magoti. "Nisamehe, baba. Sikujua." Aliondoka. Siku nne nililima huku nikisikiliza barabara.

Siku ya tano askari walikuja.

Mzee Hamisi alikuwa mbele yao.

Nilijua ameniuza. Nilijitia kipande cha muhogo mbichi mdomoni, maana lafudhi yangu ya bara ingenifichua.

"Huyu nani?" askari mmoja aliuliza.

"Mke wa mwanangu," Mzee Hamisi alisema. "Mumewe yuko Tanga, kazini."

Askari alinitazama. Nilitafuna.

Waliondoka.

Mzee Hamisi alibaki akijifuta jasho. "Mti usipande tena," aliniambia, akaenda zake. Nilikaa chini palepale kwenye matuta, nikacheka na kulia kwa pamoja.

Kamau hakurudi. Mwaka wa pili nililetewa habari kwamba amefia kizuizini. Alipozikwa sipajui mpaka leo, na jambo hilo haliponi. Nilitaka nimlilie kimyakimya chumbani, nisimsumbue mtu, lakini Mzee Hamisi alikataa.

"Dini yake namwachia Mwenyezi Mungu," alisema. "Matanga tutakaa."

Tulikaa siku tatu. Wanawake walipika muhogo na kunde za shamba langu, na chakula kilitosha. Hata leo nashukuru kwamba kilitosha. Wanaume walijaa barazani, na hakuna hata mmoja aliyepata kumwona Kamau. Walikuja mlangoni mmoja mmoja kuniuliza jina lake na la baba yake, wapate kumwombea bila kukosea.