Nyumba ya Mchungaji na Kitanda Changu

Mpaka leo nikipita mahali wanapokanda udongo na majani makavu, harufu ile ikinipanda puani, mgongo huniuma. Si kwa kukumbuka kazi, msinifikirie mema. Ni kwa kukumbuka mkeka.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kaya yetu ilikuwa imehamishwa kutoka mashambani hadi kijijini karibu na Kigwa, mwendo wa saa moja tu kwa mguu, nami nililia njia nzima kama ninapelekwa ng'ambo. Ndivyo nilivyoumbwa: kuku wa mama alikuwa na safari nyingi kuliko mimi.

Nilipoanza tu kuizoea nyumba mpya, wakashuka stesheni watu waliotoka ng'ambo kweli: Mchungaji Erik, mkewe Mama Karin, na mtoto mchanga. Walikuja kuanzisha usharika, na nyumba yao ilikuwa bado udongo mtupu. Kwa kuwa baba alikuwa mwinjilisti, wakapewa chumba changu, pamoja na kitanda. Mimi nikahamia jikoni, juu ya mkeka, kati ya gunia la karanga na kuku aliyekuwa akiatamia, ambaye aliniona mvamizi.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alishuka nalo kwenye treni. Alifyatua matofali peke yake tangu alfajiri, shingo nyekundu kama nyanya. Baba alipotaja habari ya kuita watu, alikataa: "Hapana, ndugu. Wana mashamba yao. Sitaki kuwasumbua."

Wanakijiji wakapita, wakampa pole ya kazi, wakaenda zao. Kwetu mwenye kujenga hupeleka neno, mkewe huandaa togwa, watu wakaja na majembe na nyimbo zao. Asiyeita watu amewakataa. Baba alilijua hilo, ila kumfundisha mgeni mara ya pili aliona ni kumwaibisha.

Kisha mvua ikawahi. Asubuhi matofali ya wiki mbili yalikuwa uji. Mchungaji alisimama katikati yake, akavua kofia, akaivaa tena, akaanza upya. Mama Karin alimtazama kutoka mlangoni, mtoto akikohoa mgongoni kwake. Nikapiga hesabu: kwa mwendo huu nitaolewa nikitokea mkekani.

Nikaenda kwa Fundi Ramadhani, mwashi mzaliwa wa Tabora mjini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa au umetoroka?"

"Nimetumwa. Mchungaji anaita watu Jumamosi. Togwa ipo."

"Togwa ya Mzungu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Nitakuja, hata kama ni kuishuhudia tu."

Kufika saa kumi uongo wangu ulikuwa umekizunguka kijiji chote, nami nikatubu kwa mama. Alinifinya sikio kwanza, kisha akampelekea Mama Karin kimea na mtama. "Dada, Jumamosi una wageni. Twanga." Mama Karin hakuuliza. Alitwanga mpaka viganja vikatoa malengelenge, halafu akaingia ndani kusema na mumewe kwa lugha yao. Sijui alimwambia nini. Mchungaji alitoka, akaenda kwa Fundi Ramadhani, akamwomba kwa mdomo wake mwenyewe, nasi watoto nyuma yake.

"Nilishaalikwa," Fundi akajibu, jicho kwangu. "Lakini kuombwa na mwenye nyumba kuna utamu wake."

Jumamosi walikuja wengi. Mmoja alimtania Fundi kwamba leo Mwislamu anamjengea mchungaji. "Mvua haiulizi dini," akasema, "na wewe unauliza sana kwa mtu asiyebeba maji." Togwa ilikuwa na mabonge. Watu waliitafuna, wakaisifu. Kabla mvua hazijakolea, nyumba ilikuwa imeezekwa, na mimi nimerudi kitandani.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikijifanya shujaa, na Mchungaji nikimfanya mwenye majivuno. Kisha nikaolewa Igunga, mimi mtu wa nyumbani. Mume alisafiri na mzigo wa pamba, nami nikakaa siku tatu bila chumvi wala moto, moshi wa majirani nikiuona juu ya ua. Sikutaka kuwasumbua. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mtu na jembe lake: hakuwa na majivuno hata kidogo. Aliogopa kuambiwa hapana, katika nchi ambako hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba.

Siku ya nne nilichukua bakuli tupu, nikazunguka ua, nikapiga hodi.