Hitima ya Binti wa Kisimani

Tulipokuwa wadogo Kibokoni, Mombasa, kitabu kilipokelewa mtaani kama mtu aliyerudi Hija: kila mmoja ataka kukigusa. Nakala ilikuwa moja na mikono ilikuwa elfu, na hiyo elfu sijaitia chumvi, au basi nimeitia kidogo. Kikimaliza kuzunguka kilikuwa kinanuka mafuta ya nazi na viazi vya karai, kurasa zimenenepa hata hakifungiki. Nyinyi vijana mnaosoma kwenye kioo cha simu hamtaijua raha ya kutambua, kwa doa tu, kwamba aliyekutangulia ukurasa huu alikuwa anakula embe mbichi kwa pilipili, na kwamba hapa ndipo alipoanza kulia.

Vitabu vyenyewe viliitwa Mji wa Chini. Vilikuwa vyembamba, karatasi zake za rangi ya chai, tukivinunua Majengo kwa muuzaji aliyevitandaza juu ya gunia. Vilimhusu Zaina, msichana wa rika letu, ambaye hakuandikiwa baba wala mama. Zaina alishuka kisimani akakuta mji mzima, nyumba zimening'inia kama meno, na wakazi wake wakitembea visigino vikiwa mbele. Nasi nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale, ilikuwa na kisima uani. Tukisoma habari za Zaina, hakuna aliyetaka kutumwa maji.

Msomaji wetu alikuwa Mishi, binti wa ami yangu. Baada ya alasiri alikaa barazani akatusomea, sisi tumeacha gololi, na hata wazee waliokuwa wakinywa kahawa tungu walijifanya hawasikilizi.

Kisha kikaja kitabu cha mwisho. Zaina, ili watu wa chini wasipande kutudhuru, aliufunga mlango wa kisima kwa ndani. Akabaki kulekule. Mwisho. Tulikikung'uta kile kitabu tukidhani kuna kurasa zimekwama.

Jamani, mtaa ulichafuka! Salimu, mwana wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, alikitupa kikampiga mbuzi wa watu. Wavulana wa Majengo waliapa kwamba mwandishi akithubutu kukanyaga Mombasa watamvusha daraja la Makupa, nje ya kisiwa, kwa mateke. Wasichana wakasusa kucheza rede. Mishi peke yake hakulia. Aliuliza tu, "Na huko atakula nini?"

Tangu siku hiyo, magharibi ikiingia, aliacha nusu ya chakula chake ukingoni mwa kisima. Asubuhi sahani tupu. Tukamcheka, tukamwambia ni paka, maana Kibokoni paka ni wengi kuliko watu. Lakini paka haoshi sahani. Hii tuliikuta imeoshwa, ya baridi kama barafu, imefunikwa kifudifudi kama afanyavyo mwanamke aliyelelewa vizuri.

Mishi akaanza kukonda. Ukimwita, alikuwa akiitika huku ameinamia kisima. "Asema yuko peke yake," aliniambia siku moja, kama mtu anayeleta salamu za jirani. "Ataka nimfuate." Na nilimwona akiipima kamba ya ndoo kwa mikono, pima baada ya pima. Hapo kicheko kilinikauka.

Salimu ndiye aliyetoa dawa. "Mtu akifa husomewa hitima, watu wakala, wakenda makwao," alisema. "Tumsomee Zaina. Mishi akiona hitima atajua amekufa, atamwacha." Hitima tuliijua barabara. Watoto wa chuoni tuliitwa kila nyumba yenye matanga, juzuu mkononi, macho kwenye sinia la kaimati.

Basi alasiri moja Bibi Mwanamkuu, mama wa baba zetu, alipotoka kumjulia hali mgonjwa, tukakizunguka kisima. Kaimati tulizichanga. Tukasoma. Mishi ameegemea ukuta, midomo ameibana. Tulipomaliza, Salimu akainua mikono kama baba yake: "Ewe Mola, mrehemu Zaina binti..." Akakwama. Akaniinamia, "Binti nani?" Mwandishi hakumpa wazazi.

Ndipo, kabla yeyote kati yetu hajafumbua mdomo, kisima kikaitikia: "Amin."

Sauti ya msichana, ndogo, kama inayosema na maji kinywani.

Wako watakaoniambia ulikuwa mwangwi. Mwangwi naujua, nilikuja kuusoma masomo ya jioni nikiwa na ndevu, na mtihani wake niliupasua. Mwangwi humfuata mtu. Haumtangulii.

Tulikimbia! Salimu, nasikia, hakusimama mpaka Kibarani, ng'ambo ya Makupa. Mimi nilifika mlangoni nikagongana na Bibi, akirudi, buibui bado mwilini. Nilipogeuka, Mishi alikuwa ameshatia mguu ndani ya kisima, mikono kwenye kamba, na kamba imekazika kama kwamba chini kuna anayeivuta.

"Mishi! Toa mguu hapo, mwanangu."

"Hajafa, Bibi. Wamemsomea hitima naye hajafa."

"Nani huyo?"

"Zaina. Hana mama. Hana mtu wa kumwita apande."

Nilingoja kofi. Bibi hakupiga. Alimzungushia Mishi mkono kiunoni, akainama, akauambia ule weusi kwa sauti ileile ya kumkaribisha mgeni:

"Zaina! Wanisikia? Wewe ni binti Mwanamkuu, wa Kibokoni. Mama yako ni mimi. Huyu ni mjukuu wangu, na wewe ni shangazi yake, na shangazi hamvuti mtoto majini. Muachie. Ukitaka kupanda, kwenu ni hapa."

Kamba ikalegea. Mishi akaangua kilio, kilio chote alichokuwa amekiweka tangu ukurasa wa mwisho, kisha akalala mapajani mwa Bibi. Alipoamka aliomba chakula, akakimaliza chote mwenyewe. Nami Bibi akanigeukia: "Na nyinyi, mwamsomea hitima mtu hata hajazaliwa! Njoo ule hizi kaimati, zisije zikatupwa."

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Matangani, wanawake walisema kuna binti aliyekaa karibu na kisima akilia kuwashinda wote, buibui lake limerowa chapachapa, na ilikuwa kaskazi, mvua hakuna. Watu wetu walidhani ni jamaa wa Lamu, na wa Lamu walidhani ni wetu. Mishi alimpelekea kahawa, akakaa naye, wakashikana mikono. Walichozungumza hajatuambia mpaka leo, naye sasa ni mama wa watoto wanne mwenye mwili wa kutosha wanane.

Juzi binti yangu alimaliza kitabu cha mwisho cha hadithi zake, humo humo kwenye simu. Kilimuudhi. Akamwandikia mwandishi matusi, wenzake wasiohesabika wakamuunga mkono, na kabla chai haijapoa akavifuta vitabu vyote. "Baba, simu imejaa, nataka nafasi." Simlaumu. Wao hulala vizuri kuliko tulivyolala sisi. Ila nikimwona akibonyeza, mara moja tu, na msichana mzima ametoweka, hujiuliza: huyo naye akibisha hodi mahali, ni nani atakayemwambia kwao ni wapi?