Jina Nililolitaja Kwenye Ngazi za Kanisa Jipya

Harufu ya chokaa mbichi bado hunikausha koo. Majirani wakipaka kuta zao kabla ya Pasaka, mimi hutafuta sababu ya kwenda sokoni, maana harufu hiyo hunirudisha kwenye kanisa la kilimani, upande wa Kagerankanda, mwaka lilipofunguliwa. Nilikuwa na miaka tisa.

Kwa msiolijua, niwaeleze. Padre wetu alikwenda kuhiji Nchi Takatifu akarudi na jiwe dogo la Nazareti, pale malaika alipompasha Maria habari. Waumini wakalijengea jiwe hilo kanisa la hija. Wanaume walichoma matofali, wanawake wakapandisha maji kichwani, na watu wakaanza kusema kwamba atakayeligusa ni kama amefika Nazareti kwa miguu yake. Baba yangu, aliyekuwa katekista, hakuyapenda maneno hayo. Mimi niliyaamini yote.

Tuliondoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Kasulu, watu kama ishirini. Miongoni mwetu alikuwemo Daforoza, mkimbizi kutoka Burundi aliyefikia nyumbani kwetu akiwa na kanga moja na sufuria. Yeye na mumewe, Melkiori, walipotezana siku ya kuvuka mpaka karibu na Nyabibuye. Alikuwa amesikia kwamba wakimbizi wa kila upande wangekuja kwenye ufunguzi. Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kutembea bila kibali, na yeye alikiomba mara mbili akanyimwa.

"Utapita kama dada yangu," baba alimwambia alfajiri ile.

Nilidhani anatania. Wiki iliyotangulia alikuwa amenichapa kwa kusema uongo kuhusu sukari, kisha akanikaririsha amri ya nane mpaka nikaiota.

Darajani tulikuta kizuizi. Mgambo alitupitia mmoja mmoja, akasimama mbele ya Daforoza.

"Huyu nani?"

"Dada yangu," baba akajibu. Sauti ilimtoka nyembamba, sikuwahi kuisikia hivyo.

Mgambo akainama mpaka nikaona jasho puani mwake. "We mtoto, huyu ni shangazi yako?"

Daforoza alikuwa amenishika mkono. Nilisikia maji yakipita chini ya mbao. Nilimtazama baba anisaidie, naye alikuwa anatazama barabara.

"Siyo," nikasema. "Ni mgeni wetu. Ametoka Burundi."

Vidole vya Daforoza vikalegea.

Baba na Daforoza waliamriwa waende ofisini. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, nikingoja baba anikaripie. Hakunikaripia. "Nilikufundisha mwenyewe," alisema tu. "Nenda na wenzako."

Daforoza alichuchumaa mbele yangu. "Ukifika, nitajie jina lake. Melkiori, seremala wa Ruyigi. Sema kwa nguvu, usikie?"

Kanisa lilikuwa jeupe mno. Chokaa haikuwa imekauka, ikatuganda mabegani. Nilipanga foleni, nikaligusa jiwe. Lilikuwa baridi, basi. Baada ya misa padre aliwaruhusu waliopotelewa na ndugu wapande ngazi za mlangoni wataje majina. Watu wazima walipanda wakiita, wengine wakilia kabla ya kumaliza. Nikapanda na mimi.

"Melkiori, seremala wa Ruyigi! Mkewe Daforoza anamtafuta!"

Nilikwisha geuka nishuke, akatokea mwanamume aliyejiegemeza kwenye gongo, akajipenyeza hadi kwangu.

"Mkewe yu hai?" akauliza.

"Ndiyo."

Alinishika bega. "Mwambie Melkiori hakuvuka. Tulimzika sisi wenyewe ng'ambo ya mto, upande wa Burundi. Mwambie alizikwa vizuri."

Njia nzima ya kurudi nilibeba maneno hayo bila kumwambia mtu. Tulipofika nyumbani tulikuta baba na Daforoza wamekwisha achiwa kwa onyo. Yeye alikuwa uani na mama, wakipepeta maharage. Ungo ukasimama.

"Uliita?"

"Niliita."

"Nani aliitika?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi bado yuko njiani," akasema, akaendelea kupepeta.

Kwa miaka miwili aliendelea kumngoja. Akija mtu na posa, alimshukuru na kumrudisha. Kila nilipomwona akichungulia barabarani, niligeuka nikapita njia nyingine. Mwaka wa tatu sikuweza tena. Nilimfuata shambani nikamwambia yote, mtu wa gongo, mto, kuzikwa vizuri, nikangoja anipige kwa jembe alilolishika.

Aliliweka chini taratibu.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ulipojibu hukunitazama. Ila sikuwa na nguvu ya kuuliza mara ya pili. Nikaona bora ukae na habari hiyo wewe, mpaka niweze."

Aliketi kwenye tuta akalia, nami nikaketi pembeni yake.

Kwa muda mrefu nilijihesabia makosa mawili, kweli niliyoisema darajani na uongo niliousema uani. Leo nina watoto wakubwa kuliko Daforoza wa siku zile, na kinachonishangaza si makosa yangu. Ni kwamba mwanamke yule aliishi miaka miwili nyumba moja na mtoto aliyemficha kifo cha mumewe, akijua, na kila asubuhi akanisuka nywele bila kuvuta hata unywele mmoja kwa hasira.