Udongo Mweupe wa Mwanakheri

Mwanakheri binti Mashaka hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Jirani akipika kitu kigeni, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kimetiwa nini. Kwa hiyo mwaka 1977, mtaalamu wa miamba aitwaye Sixtus alipotandaza picha kubwa kwenye meza ya ofisi ya kijiji, huko Kisarawe, mama huyu alipenya katikati ya wanaume mpaka mbele.

"Hii imepigwa na chombo kilicho angani, juu kuliko ndege," Sixtus alieleza.

"Mbona shamba letu la mihogo ni jekundu?"

"Majani, mama, yanarudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chombo kinauona, nasi tumeupa rangi nyekundu."

Mwanakheri alicheka kwa raha. Kumbe miaka hamsini alikuwa akiitazama mihogo asiione yote!

Lakini kijiji chenyewe kilikuwa doa jeupe. Sixtus alipita uwanja kwa uwanja akielekeza chini kipimo chake cha mwanga, na namba zikalingana na za kaolini, udongo wa kutengenezea sahani na vikombe. Ikiwa mwamba wa udongo huo umelala chini ya nyumba, alisema kwa kusitasita, huenda kijiji kikahamishwa ili uchimbwe.

Kuhamishwa tena! Walikuwa wameletwa pale kwa lori miaka mitatu tu iliyopita, wamepakata kuku na vyungu. Mwanakheri alipandwa na hasira, kisha hasira ikamfungua akili. Akachukua jembe, akauchimba uwanja wake mwenyewe. Weupe haukufika hata shubiri. Chini yake, udongo mwekundu mtupu.

"Chombo chako kinaona ngozi tu, mwanangu. Weupe huu tumeuleta sisi."

Akamweleza. Kila Idi ikikaribia, wanawake hubeba udongo mweupe vichwani, wakasiriba kuta, uliobaki wakautandaza uwanjani, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake. Nyumba sitini, Idi mbili kwa mwaka. Ushindani wao ulikuwa umefika mbinguni.

Sixtus alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema wakubwa wake hawataamini shimo moja dhidi ya picha. "Nikiwaonyesha mahali unapotoka, wataamini. Ni wapi, mama?"

Palikuwa mahame ya Mwanakheri mwenyewe, makazi aliyohamishwa kwa lori, bondeni, chini ya mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. Pale picha ilionyesha majani yake tu. Roho ilimuuma. Angeweza kusema hajui, na jirani gani angemsaliti? Aliwatazama majirani waliosimama wakimsubiri, akajifunga kanga vizuri, akatangulia njia.

Bondeni alimwonyesha Sixtus ukingo mweupe uliojitokeza chini ya mizizi, mrefu kuliko mtu. Sixtus aliposogea na kipimo chake, Mwanakheri alimshika mkono.

"Anzeni kuchimba upande ule," alisema. "Huku nimemzika mume wangu."