Maji ya Vibete

Mume wangu Sufian aliondoka Mwingi Jumatatu asubuhi kwenda kumzika ami yake Malindi, na kabla hajapanda basi alinishika mkono akaniambia mambo matatu. Pampu ya hewa isizimwe. Jike asisumbuliwe. Maji ya kuongeza yawe yale ya ndoo ya bluu, yaliyolala usiku mzima, birika moja kila asubuhi, basi. Mimi mkewe hali yangu hakuiuliza. Nilicheka kwa hasira, lakini nilicheka.

Samaki wake ni vibete. Ni ukoo mmoja na tilapia tunayokaanga, ila hawa hawazidi urefu wa kidole changu cha shahada. Wanaishi sebuleni katika kioo kilichowekwa juu ya kabati la vyombo vyangu vya Idi, na vyombo vimehamia chini ya kitanda. Asili yao ni mito ya mbali sana, yenye maji laini, ya rangi ya chai. Ukiwatia katika maji magumu wataishi, lakini mayai yao hayataanguliwa.

Msidhani mume wangu alizaliwa na wazimu huu. Alikuwa dereva wa lori. Miaka mitatu iliyopita lori lilipinduka karibu na Kambu, na Kaloki, dereva mwenzake, akafia palepale. Sufian alitoka na mkono uliovunjika, na kimya. Mkono ulipona. Mwaka mzima aliketi sebuleni akitazama ukuta, hata kwa jirani hatii mguu. Kisha ndugu yake akamletea kioo, akaanza kutazama kioo. Nikasema afadhali kioo.

Kuchagua samaki alikwenda Nairobi mwenyewe, nikamsindikiza. Alisimama mbele ya vioo vya duka saa mbili nzima, muuzaji akachoka kutabasamu. Mimi nilimwonyesha dume mwenye rangi zote za kanga. Akakataa. "Huyo ni mzee, hizo rangi ni za kuagia. Tafuta kijana anayekimbilia chakula, tumbo lisilobonyea, mapezi yamefunguka." Akachukua dume mmoja na majike wawili, ili dume achague. Akachagua. Yule aliyekataliwa tulimhamishia kwenye beseni kabla mwenzake hajamuua. Nikasema, "Umeona ndoa za wake wengi?" Akacheka. Nilikwenda jikoni nikalia, maana nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Mayai ya kwanza yaligeuka meupe yakaoza, kwa sababu ya maji yetu ya kisima, ambayo huacha ukoko mweupe hata kwenye sufuria. Ya pili yalianguliwa, lakini stima ikapotea siku mbili, vitoto vikafa. Mara ya tatu akatumia maji ya mvua matupu, majani makavu ya mti wa mkungu kutoka Malindi, na kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango. Jike akataga kwenye dari ya kifuu, akageuka njano kali, akamfukuza mumewe kwenye pembe. Yakaanguliwa. Sufian alihesabu vitoto arobaini na sita, vidogo kama vumbi lenye macho, na jioni hiyo alizungumza mezani mpaka chakula kikapoa. Kwa hivyo mjue nilikuwa nikilinda nini. Sikuwa nikilinda samaki. Niliogopa ule ukuta.

Sasa niseme la aibu. Mwezi wa tisa, ukame ulipobana, tangi letu la nje lilikuwa na maji ya mvua ya msimu uliopita, na Sufian akaufunga mfereji wake kwa kufuli, yawe ya samaki tu. Sisi wenyewe tulikunywa ya kisima, yenye chumvi. Siku moja akaja Mutindi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, na mtungi wake wa njano. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa kwao, ana presha, na daktari amemkataza chumvi. Aliomba mtungi mmoja tu wa maji matamu. Niligeuka nikamtazama Sufian kupitia dirishani. Akatikisa kichwa. Nikamwambia Mutindi, "Yameisha, Mama Mbithi." Akasema haya, asante, akaenda. Baada ya wiki mbili yule mama alihamia kwa bintiye Kitui mjini. Hilo sikumwambia Sufian, na yeye hakuuliza.

Mvua ikaja mwezi wa kumi na moja, na baada ya mvua yakaja maradhi ya tumbo. Jumatano hiyo, Sufian akiwa bado Malindi, akafika Ndunge, mhudumu wa afya wa mtaa, na chupa zake za dawa ya maji. Alikuwa ameanzia nyumba za juu, anatia kila tangi. Mgeni hapiti kwangu bila chai. Maji yaliyokuwa karibu ni ya ndoo ya bluu, nikayatia yote katika sufuria. Tukanywa, tukasengenya kidogo, Ndunge akapanda ngazi akamimina dawa kwenye tangi, akakoroga kwa ufito. Nikamshukuru. Nikajiona mama wa nyumba safi.

Alipoondoka nikafungua kufuli la mfereji kwa ufunguo alioniachia Sufian, nikajaza ndoo ya bluu upya kutoka tangini. Joto lilikuwa limepunguza maji ya kioo, nikamimina birika tatu badala ya moja, nikijipongeza. Kisha nikapangusa jasho, na mkono wangu ukanuka dawa.

Nilisimama na birika mkononi. Dume ndiye aliyeanza. Alipanda juu akawa anagugumia hewa, akaruka, akagonga kioo. Jike hakupanda. Alibaki mlangoni pa kifuu, mashavu yanaenda mbio, na ile njano yake ikaanza kufifia. Alikuwa anaokota vitoto kwa mdomo, anavitema ndani ya kifuu, anarudi kuokota vingine. Baadhi havikuwa vinaogelea tena.

Simu ikalia mezani. Jina la Sufian. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Maji ya kuwaokoa yalikuwa wapi? Ya kisima yana chumvi. Ya tangi letu ndiyo sumu yenyewe. Nyumba zote za juu Ndunge amezitia dawa. Imebaki moja tu, ambayo geti lake lilikuwa limefungwa asubuhi kwa sababu mwenyewe alikwenda shambani, na pipa lake liko chini ya mabati, limejaa mvua ya juzi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilitoka bila viatu.

Mutindi alikuwa amerudi, anapukuchua mbaazi.

"Mama Mbithi, naomba maji."

"Aiya, mbona unahema hivyo? Kuna mgonjwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi wangu ulishazoea njia hiyo. "Hakuna mgonjwa," nikasema. "Ni ya samaki. Nimewatilia maji ya dawa, wanakufa."

Alinitazama. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya ungo.

"Ya samaki," akasema.

"Ya samaki."

Akainuka, akachukua mtungi wa njano, ule ule, akauzamisha kwenye pipa. Ulijaa polepole mno. Nilitaka kuupokea, akakataa. "Utamwaga. Tembea."

Sebuleni tulifanya kazi bila maneno. Mimi nilichota maji mabaya kwa kikombe ili nisichote na kitoto, yeye akamimina mazuri taratibu ukingoni, kikombe kwa kikombe, mpaka zaidi ya nusu ya kioo ikawa mvua ya kwake. Dume akatulia. Jike alibaki mlangoni pake, amepauka kama jivu, na tukamngoja. Mutindi aliinamisha uso karibu na kioo, hakuwahi kuwaona.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Hajala?"

"Tangu vitoto vianguliwe anawalisha hao kwanza."

Kisha akasema, bila kunigeukia, "Siku ile ulisema yameisha, nilipita kando ya tangi lenu nikaligonga na kidole. Tangi iko na maji na tangi haina, sauti si moja."

Uso uliniwaka. "Na kila asubuhi umekuwa ukinisalimia?"

"Sasa ningekuuliza nini? Si ulikuwa umeshajibu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningejua pa kushika. Nilisema nisamehe, akasema haya, kama alivyosema mwezi wa tisa, akarudi kwenye mbaazi zake. Mtungi aliuacha.

Jike alirudisha njano yake jioni. Nilihesabu mara nne. Kumi na tisa.

Sufian alifika Ijumaa. Hakuvua hata kofia, alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, na kidole chake kikaanza kuhesabu hewani. Kikasimama.

"Wengine wako wapi?"

Nikamweleza yote: chai, dawa, birika, simu niliyoiacha ilie, pipa la Mutindi. Nikamweleza na Mutindi alivyoligonga tangi. Aliketi kwenye kiti chake cha zamani, kile kinachotazama ukuta. Nikajua nimempoteza tena.

"Aligonga?" akauliza.

"Aligonga. Alijua tangu siku hiyo."

Akainuka akatoka. Nikamsikia akiligonga tangi, chini, katikati, juu, akisikiliza. Kisha nikasikia kufuli likifunguka na maji yakiingia kwenye mtungi wa Mutindi.

"Yana dawa hayo!" nikaita.

"Wao ni watu," akasema. "Hiyo dawa ni yao."

Akaubeba kwa ule mkono uliowahi kuvunjika, akafungua geti letu. Miaka mitatu hajabisha mlango wa mtu. Ilibidi nimwambie kuhusu yule mama, nikafungua mdomo, nikachelewa. Nilisimama ukutani nikisikia anavyopiga hodi, na Mutindi akiuliza ni nani.

"Ni mimi, Baba Najma. Nimeleta maji ya mama."

Mlango ukafunguliwa.

"Mama hayuko, Baba Najma. Alienda Kitui, ni miezi sasa. Maji ya hapa ilimshinda."

Nilisikia mtungi ukigusa chini, ukainuliwa tena, kama mtu asiyejua aondoke nao au auache.

"Weka hapo," Mutindi akasema. "Hata sisi tunakunywa."