Mwokaji wa Lango la Juu

Gerlinde Postler ameongoza wageni katika mji wetu wa chemchemi za tiba, Bad Ellersbach, kwa miaka kumi na tisa. Huanza nao kwenye bustani ya chemchemi, huwaonjesha maji yake ya chumvi mpaka wakunje nyuso, kisha huwapitisha jumba la mabafu na kumalizia Lango la Juu. Hapo ndipo walipokuwa wakivunjika mbavu. Aliwaambia kwamba karne nyingi zilizopita, wakati wa vita, mwokaji aitwaye Hagedorn aliwafungulia adui lango usiku, akalipwa paja la nguruwe.

Hadithi hiyo aliitunga mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza wageni walipiga miayo pale langoni, naye akaokota jina kwenye kibao cha duka la mikate lililo mkabala. Wakacheka, basi akaendelea. Nasi wenyeji tukasadiki. Hata mimi nimewahi kumwuliza mzee Hagedorn, mwenye duka hilo, nikinunua mkate, kama bado anao ule ufunguo. Alinifungia mkate wangu, akamwita mteja aliyefuata.

Mzee alifariki majira ya baridi. Jumamosi moja ya Mei, Gerlinde akiwa katikati ya hadithi, mjane wa mzee, Edeltraud, alitoka dukani na aproni yake, akasimama kati ya wageni. Alingoja mpaka kicheko kikaisha.

“Bibi Postler, hayo umeyasoma wapi?”

“Ah, Bibi Hagedorn… ni mambo ya kale tu.”

“Nakuuliza umeyasoma wapi. Mume wangu aliyatafuta kwenye vitabu vya kumbukumbu vya kanisa, macho yenyewe yamekwisha. Hakuyaona. Amekufa akidhani hakutafuta vizuri.”

Gerlinde alihisi masikio yanawaka moto. “Sikuyasoma popote,” alisema. “Niliyatunga.”

Mgeni mmoja alicheka, akidhani ni sehemu ya mchezo. Edeltraud akarudi dukani.

Jumatatu Gerlinde alipanga foleni dukani kama wengine. Mimi nilikuwa nyuma yake. Zamu yake ilipofika alisogea kwenye kaunta.

“Bibi Hagedorn, naomba unisamehe.”

“Mkate gani?”

“Nimekuja kuomba radhi, mama.”

“Nimekusikia. Una watu nyuma yako. Mkate gani?”

Gerlinde akaonyesha mkate mweusi kwa kidole. Alitoka ameinamisha kichwa, akashika njia ya nyuma ya bustani asikutane na mtu.

Ofisi ya wageni ilimwambia aache kuwapeleka wageni langoni, hakuna atakayemlaumu. Alikataa. Sasa akifika pale hutaja mwaka lango lilipojengwa, halafu husema, “Miaka mingi nilimzulia uongo mwokaji wa mji huu. Familia yake haikumfungulia adui yeyote.” Wageni hutazamana, hawajui wacheke au wanyamaze. Aliniambia kila akiyasema hayo uso humwiva upya, kama siku ile ile.

Edeltraud huwa ndani, anapanga mikate. Hajawahi kutoka tena kusikiliza.