Mashine Isiyotaka Chuma

Goti la mama lilipokataa kunyooka, kazi zake zote zilinihamia mimi: jembe, mtungi, kuni, ng'ombe. Mahari yangu ilikuwa imeshaletwa na mchumba alikuwa akiulizia siku, lakini ningemwachia nani mama asiyeweza kuinuka jikoni? Kaka zangu? Wale, Mungu awasamehe, hata maji ya kunywa walikuwa wakiletewa. Basi niliposikia hospitali ya Kisii ina mashine inayopasha kiungo moto mpaka ndani ya mfupa, nilimkokota mama kutoka kwetu, upande wa Ikonge, hadi barabarani, tukapanda lori la mfanyabiashara wa mjini. Nilifika nimechoka kuliko mgonjwa.

Chumba cha mashine kilisimamiwa na memsahib mmoja mpole. Dresa, msaidizi wake, alinieleza kwa Kiswahili, nami nikamfasiria mama kwa Kigusii: sahani mbili huwekwa kando ya goti, umeme ukapita katikati.

"Lakini hii mashine haitaki chuma," dresa akasema. "Mwambie atoe hizo za miguu. Zitamchoma."

Hizo za miguu zilikuwa ebitinge, pete alizovishwa alipoolewa. Kwetu mke huzivua mumewe akishazikwa. Mama hakubishana. Aliomba fimbo yake tu, turudi nyumbani.

"Baba mwenyewe atakubali," nilimwambia.

"Yeye atakubali. Mimi je? Nitembee miguu mitupu, watu waseme nimemzika mzee wangu naye yuko hai?"

Nilikasirika njia nzima. Nyumbani nikamshtaki kwa baba, mtu wa maneno machache. Alichukua koti lake.

"Nitakaa pale pale. Atakayeiona miguu yake, ataniona na mimi."

Tukawa watatu safarini kila Jumatatu. Dresa alipaka vifundo mafuta, pete zikatoka kwa shida, baba akazipokea mapajani na kuketi kwenye benchi, akikohoa huku mashine ikinguruma. Ikizimwa, alipiga magoti akamvisha mwenyewe. Wagonjwa wengine walicheka, kisha wakazoea. Goti nalo likaanza kulegea. Siku moja mama alishuka kwenye lori bila kunishika, nami nikaanza kuwaza harusi yangu waziwazi.

Kisha kile kikohozi kikamlaza baba.

"Twende sisi wawili," nilimsihi mama.

Akakataa katakata. Kuzivua mume akiwa kitandani, alisema, ni kumchimbia kaburi. Goti likakaza tena, nikarudia mtungi, na sasa nilikuwa na wagonjwa wawili. Maji yalinifika shingoni. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na nilimchukia kila aliyeniambia nivumilie.

Baba alifariki masika yakianza. Baada ya mazishi, wajane wazee walimketisha mama mlangoni wakamvua zile pete. Mimi nilikuwa hapo karibu nikisugua vyungu vya matanga. Walipoondoka, alijipapasa vifundo, palipokuwa na chuma ngozi imebaki laini, akaniita.

"Sasa ile mashine haina neno nami. Tutaenda lini?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, kwa kuwa alijua nilivyokuwa nikingoja. Nilitaka kumjibu, "Jumatatu." Nikakaa chini kando yake nikalia, na yeye ndiye aliyenishika bega.